Bendera ya Njano na Watu wa Ufukweni

Chombo kinachotoka ng'ambo kinapoingia katika maji ya nchi nyingine hupandisha bendera ndogo ya njano isiyo na maandishi wala nembo, nayo hupepea mlingotini hadi maofisa wa bandari watakapokuja kukikagua. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za ishara za baharini, bendera hiyo hubeba ujumbe mmoja tu: waliomo chomboni ni wazima, na wanaomba idhini ya kushuka na kuchanganyika na watu wa nchi kavu. Katika karne ya 19, hata hivyo, rangi hiyohiyo ilitangaza kinyume chake, kwamba ndani ya meli mna maradhi na kwamba kila anayependa uhai wake akae mbali nayo. Kitambaa kilichokuwa kikifukuza watu kimegeuka kuwa kitambaa cha kubisha hodi, na anayekitazama kutoka ufukweni hawezi kujua kwa macho matupu kama anachokiona ni afya inayoomba kupokewa au ni ugonjwa ambao bado haujajionyesha. Hodi ni ombi, na kila ombi lina mwenye kuombwa. Lakini mashauri yanayotolewa kuhusu kusafiri kwa tanga wakati wa janga humhusu zaidi yule aliyemo chomboni, vipi ajilinde, vipi asiambukizwe, vipi safari yake isiharibike, huku yule wa ufukweni akiachwa awe sehemu ya mandhari pamoja na minazi na mchanga.

Mashua ya starehe, yaani chombo cha tanga kinachoendeshwa kwa ajili ya burudani wala si kwa uvuvi au biashara, ina sura mbili mbele ya ugonjwa unaoenea kwa pumzi. Juu ya sitaha, ambayo ndiyo sakafu ya wazi ya chombo, hewa ni tele. Virusi vya Korona, kama ilivyokuja kueleweka baada ya miezi kadhaa ya mabishano ya wataalamu, havisafiri kwa matone makubwa ya mate peke yake, ambayo huanguka chini hatua chache kutoka kwa anayekohoa, bali husafiri pia kwa chembe ndogo mno za pumzi zinazoelea kwa muda mrefu na kujilimbikiza mahali pasipopitisha upepo. Kusi inayovuma kuanzia Aprili hadi Septemba, au kaskazi inayoshika zamu yake kuanzia Desemba hadi Machi, huzitawanya chembe hizo kabla hazijafikia wingi wa kudhuru, hata mtu aliyeshika usukani na kuuelekezea upepo uso wake akawa salama kuliko karani aliyejifungia ofisini. Lakini wahenga wa mwambao walikwisha kusema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni tumbo lake, kule chini kunakokusanyika maji yanayovuja. Na hata baharia azunguke vipi huko juu, giza likiingia, mvua ikinyesha au usingizi ukimlemea, hana budi kuteremka.

Huko chini ndiko hesabu inakobadilika. Katika mashua ya kawaida ya starehe chumba cha kulala ni chembamba, dari yake iko karibu na kichwa, na mlango wake wa juu hufungwa kila mawimbi yanaporusha maji au mvua inapopiga. Watu wanne wakilala humo usiku mmoja, birika likachemshwa kabla ya alfajiri ili mwenye zamu apate chai, kutakapokucha dari itakuwa imejaa matone ya maji yanayoteremka polepole kwenye kuta. Mengi ya maji hayo hayakuvuja kutoka nje. Ni pumzi za wanne hao zilizotoka vifuani mwao usiku kucha, zikakutana na ubaridi wa dari na kugeuka umande. Anayeyapangusa kwa kitambaa huwa ameshika mkononi ushahidi wa jambo ambalo katika nyumba kubwa halionekani kwa urahisi, kwamba kila mmoja wao amevuta alichotoa mwenziwe. Katika miezi ya mwanzo ya 2020 watu wengi walijishughulisha kusugua vyuma, vishikio na kamba kwa sabuni na vitakasa mikono, wala usafi huo haukuwa bure. Ila mabaharia walioisugua jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, kisha wakafunga mlango na kulala bega kwa bega, waliulinda mkono na kuliacha pafu wazi.

Mashindano ya mashua ya Lamu yanafaa kutafakariwa hapa, kwa kuwa ni mchezo wa tanga uliozaliwa na wenyeji wenyewe na si burudani iliyoletwa na wageni. Katika mashindano hayo mabaharia hupanda juu ya ubao uliotokezwa nje ya ubavu wa chombo upande unakotoka upepo, wakaufanya uzito wa miili yao kuwa kinga ya kutopinduka, na hupigiana kelele za kuhimizana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kupaza sauti huongeza chembe zinazotoka kinywani, hilo linajulikana, lakini upepo unaojaza tanga ni uleule unaozifagia. Kama kuna hatari, haiko sana juu ya ubao ule. Iko gatini, mahali pa kushukia, ambako umati husimama umebanana kungojea washindi, na iko katika vichochoro vya mji wa kale, ambavyo upana wake unamtosha punda na mtu wa kumpisha. Hata katika mfano huu mdogo chombo huwa salama kiasi kwa muda kinapokuwa majini, na wasiwasi huanza pale mguu unapogusa ardhi.

Hakuna tanga linaloonekana kutoka Kibirichia. Kata hiyo ya Buuri, katika Kaunti ya Meru, imekaa juu ya miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, baina ya mashamba ya viazi, kabeji na ngano, mahali ambapo asubuhi watu huvaa makoti na ardhi huporomoka kuelekea nyanda kame za Isiolo. Huenda ikaonekana kuwa ni kulazimisha mambo kuuhusisha mlima na bahari. Lakini bahari hufika Kibirichia kwa barabara, na imekuwa ikifika hivyo tangu barabara ilipokuwapo. Mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya, tarehe 13 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyerejea kutoka Marekani kupitia London, na katika majuma machache yaliyofuata kila kijiji cha nyanda za juu kilijikuta kimeunganishwa na viwanja vya ndege na bandari ambazo wengi wa wakazi wake hawajapata kuziona. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8. Ndoo za maji zenye bomba zilipangwa kwenye milango ya maduka. Lori lililopakia viazi liliendelea kuteremka, kwa sababu miji lazima ile, na dereva wake alirudi na pesa na habari, na pengine na kikohozi. Mlimani hapa, ambapo hakuna aliyechagua safari yoyote ya starehe, ndipo mtu anapoweza kuulizia bila upendeleo wajibu wa yule aliyechagua.

Tena mkulima wa Kibirichia hahitaji kufundishwa kwamba kilicho kizima machoni chaweza kuwa kimebeba maradhi, kwani kiazi kimekwisha kumfundisha. Upo ugonjwa unaoitwa mnyauko bakteria, unaosababishwa na vijidudu vinavyoishi udongoni na kuingia katika mizizi, vikaziba mirija ya maji ya mmea mpaka majani yakalegea mchana kweupe kana kwamba mvua haijanyesha mwezi mzima. Mtu akitaka kuhakikisha hukata kipande cha shina karibu na ardhi, akakitumbukiza ncha yake katika glasi ya maji safi na kungoja kidogo bila kukitikisa. Ikiwa ni mnyauko, uzi mweupe kama maziwa huanza kuteremka kutoka kwenye kidonda, mwembamba, ukinyooka kuelekea chini ya glasi. Lakini katika ubaridi wa miinuko kiazi chaweza kuambukizwa kisionyeshe dalili yoyote, kikavunwa kikiwa na ngozi laini, kikauzwa kama mbegu kwa jirani, na jirani ndiye atakayeuona mnyauko katika shamba ambalo halikuwa nao. Kwa hiyo mkulima makini hachagui mbegu baada ya kuvuna, bali huingia shambani mimea ikiwa bado mibichi, akaiwekea vijiti ile iliyo na nguvu, akang'oa iliyougua pamoja na udongo wake, na kuosha jembe na viatu kabla ya kuvuka mpaka. Shangi, aina ya viazi iliyoenea sana nchini, imesambaa kwa kiasi kikubwa kwa njia hii ya mbegu kutoka mkono hadi mkono, na ugonjwa umesambaa kwa njia hiyohiyo. Anayemuuzia jirani mbegu ambayo hakuichunguza huenda hakukusudia ubaya wowote. Shamba la jirani halipimi nia.

Binadamu aliyeambukizwa Korona aweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawajisikii vibaya kabisa. Jambo hili ndilo lililouvuruga ulimwengu kuliko ukali wa ugonjwa wenyewe, maana liliondoa kipimo cha kale cha kumtazama mgeni usoni. Njia pekee iliyobaki kwa mahali pasipo na vipimo ilikuwa ni muda, na muda ndio msingi wa karantini, yaani kumtenga msafiri kwa siku maalumu hadi ugonjwa, kama upo, ujitokeze. Mji wa Dubrovnik, kwenye pwani ya bahari ya Adriatiki, uliweka sheria ya namna hiyo mwaka wa 1377, ukiwataka waliotoka penye tauni wakae siku 30 mahali pa mbali kabla ya kuingia. Venice na miji mingine ya bandari ilizifikisha siku hizo 40. Katika Afrika Mashariki kumbukumbu ya mambo hayo ingali imesimama kwa mawe katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambako jengo lililojengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza liliishia kutumika kwa kuwatenga abiria wa meli. Siku hizi watalii huvuka kwa mashua kwenda kuwatazama kobe wakubwa wa kisiwa hicho na kuogelea, na wachache hukumbuka kwamba wanastarehe mahali ambapo wasafiri wa kabla yao walikuwa wakihesabu siku kwa hofu.

Ni rahisi kuiandika historia hii kana kwamba maradhi hutoka baharini siku zote na bara hupokea tu. Homa kuu ya 1918 ilikuja hivyo kweli, ikaingia kwa meli kupitia bandari ya Mombasa na kupanda reli. Lakini James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja na ambaye kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitoka mwaka wa 1876, aliufuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 kwa kuwahoji wafanyabiashara na wasafiri, akakuta kwamba ulikuwa umeteremka kutoka bara pamoja na misafara iliyopita katika nchi ya Wamasai, ukafika pwani upande wa Pangani, kisha ndipo vyombo vya tanga vikauchukua na kuusambaza visiwani na kusini. Alichokiona Christie kina thamani hadi leo: ugonjwa haujali kama unabebwa kwa mabega, kwa punda au kwa jahazi, bali hufuata mazoea ya watu kutembeleana. Kwa hiyo mtu wa mlimani hana haki ya kuiona pwani kama mlango wa balaa, wala mtu wa pwani hana haki ya kuliona bara hivyo. Kila mmoja wao ni ufukwe wa mwingine.

Mwaka wa 2020 ukweli huo ulijidhihirisha kwa ukali. Mwezi wa Februari meli ya utalii iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, nchini Japani, ikiwa na watu 3,711, na kabla ya kumalizika kwa mkasa huo zaidi ya 700 kati yao walikuwa wameambukizwa. Chombo kilichokuwa kitanda cha starehe kiligeuka kuwa kifungo. Nchini Kenya kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na siku hiyo watu waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni ili wafike nyumbani kabla ya saa moja walibanana kwenye gati, wakapigwa na polisi, amri iliyokusudiwa kuwatenganisha ikawasukuma kifua kwa kifua. Kuanzia tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka; Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi wa Juni, na Mombasa haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai. Wavuvi waliozoea kuvua usiku walikuta kafyu imeuchukua usiku wao. Daraja la miguu linaloelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 ili kupunguza msongamano wa feri, lilikuwa miongoni mwa majibu machache yaliyotokana na miezi hiyo, na lilistahili kusifiwa, kwa maana lilitambua kwamba kumwambia mtu akae mbali na mwenziwe bila kumpa mahali pa kupita ni kumlaumu kwa umaskini wake.

Mbele ya mambo hayo, safari ya starehe inahitaji kujieleza. Haisemwi hapa kwamba furaha ni haramu wakati wa msiba. Watu waliofungiwa vyumbani kwa miezi waliyumba akili, na bahari ni dawa ya kweli kwa wengi. Mwenye mashua katika mlango wa bahari wa Kilifi aliyetoka na mkewe na wanawe alfajiri, akazunguka na kurudi palepale alipotokea bila kuonana na mtu, hakumpunguzia yeyote chochote. Tofauti huanza anapochukua marafiki wa nyumba tatu mbalimbali, kila mmoja akiwa na mtandao wake wa watu aliokutana nao juma hilo, kisha akatia nanga mbele ya kijiji asichokijua ili anunue samaki, maji na madafu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika janga kila abiria ni nahodha wa mwili wake, aweza kuificha homa kwa kidonge ili asiiharibu siku ya wenzake. Hivyo maandalizi yenye maana hufanyika kabla ya kung'oa nanga: idadi ndogo ya watu, ikiwezekana wa nyumba moja; makubaliano ya wazi kwamba atakayejisikia vibaya atasema na wote watarudi; vipimo vinapopatikana; chakula na maji ya kutosha safari nzima; milango ya sitaha kuachwa wazi kila hali ya hewa inaporuhusu, na wanaoweza kulala juu walale juu. Barakoa ina kazi yake katika chumba cha chini kuliko juu ya sitaha, ingawa picha za nyakati zile zinaonyesha watu wakifanya kinyume.

Hata siku zenyewe za kuhesabu zina mtego. Fiji, mwaka wa 2020, ilifungua njia maalumu kwa mashua za starehe, na zile siku ambazo chombo kilikuwa baharini zilihesabiwa ndani ya siku 14 za karantini, jambo la busara kwa nchi ya visiwa inayoishi kwa wageni. Chombo kinachotoka Ushelisheli kuja Mombasa hukata karibu maili 1,000 za baharini, na kikienda kwa wastani wa maili 5 kwa saa, usiku na mchana, kitafika baada ya siku 8 na ushei, kikibakiwa na siku 5 au 6 za kungojea. Lakini siku 14 zilikadiriwa kwa mtu aliyetengwa peke yake. Waliomo katika chumba kimoja cha mashua hufanya mnyororo: wa kwanza aliingia na maambukizi, wa pili akayapata siku ya tano bila mtu kujua, wa tatu siku ya kumi, na wote wakafika mwisho wa siku 14 nyuso zao zimeng'aa kwa jua na chumvi, wakapandisha bendera ya njano kwa dhamiri safi, huku wa tatu akiwa ndiyo kwanza anaanza kuambukiza. Nahodha mwaminifu hupaswa kuhesabu tangu siku ya mwisho ambapo maambukizi yangeweza kutokea ndani ya chombo, na siku hiyo, kwa wanaolala pamoja, ni usiku wa jana.

Utamaduni wa mwambao unasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mojawapo ya kauli za ukarimu mkubwa kabisa katika Kiswahili, maana humweka mgeni mahali pa tabibu, kwamba kuja kwake ni heri kwa mwenye nyumba, chungu kitapikwa vizuri, hata mgonjwa atapata mchuzi. Janga liliishika kauli hiyo na kuijaribu hadi kwenye mfupa. Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, au katika vijiji vya Pate, mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa husafirishwa kwa boti. Hakuna gari la wagonjwa litakalopiga king'ora, kuna mtu wa kutafutwa, mafuta ya kununuliwa, maji kujaa ya kusubiriwa. Mahali kama hapo mgeni aliyeshuka kwa nusu saa kununua kamba na ndimu aweza kuacha gharama ambayo hatakuwapo kuilipa. Naye mwenyeji hatamfukuza. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili: mila yake haimruhusu kumfukuza, njaa yake haimruhusu kukataa noti ya shilingi elfu, na kwenye ufukwe wake hakuna ofisa wa afya wa kuikagua bendera. Kanuni ya kubisha hodi ilitungwa kwa bandari zenye ofisi. Ufukwe usio na ofisi hubaki na ukarimu wake tu, na mgeni mwenye utu hauhesabu ukarimu huo kuwa idhini. Hubaki majini, akatuma pesa kwa anayemletea bidhaa kwenye ngalawa, wakapeana kwa kamba na kikapu, wakasalimiana kwa sauti kupitia upepo. Vivyo hivyo kwa msaada wa dharura. Walinzi wa pwani wakiitwa kuokoa mashua iliyokwama hupanda ndani ya pumzi za waliomo, hivyo kutoka bila kuukagua mlingoti, injini na utabiri wa hali ya hewa wakati wa janga si ujasiri, ni kuwaandikia wengine hatari bila saini yao.

Ameru, watu ambao Kibirichia ni mojawapo ya makao yao, wana habari yao wenyewe ya kuvuka maji. Masimulizi ya wazee, ambayo mmisionari Bernardo Bernardi aliyazungumzia katika kitabu chake cha 1959 kuhusu Mugwe, kiongozi wa baraka na dini wa Meru, husema kwamba wahenga waliishi Mbwaa, kisiwa kilichotawaliwa na Nguuntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatesa kwa kazi zisizowezekana, mara mkuki unaofika mbinguni, mara kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wapo watafiti waliokihusisha kisiwa hicho na Manda, jirani ya Lamu, na wapo waliosita. Simulizi hilo halina tanga. Maji hugawanyika, watu wakapita. Ila halikuwaacha wavukaji wakiwa umati usio na majina: waliovuka usiku wakaitwa weusi, Njiru, waliovuka kulipopambazuka wakaitwa wekundu, Ntune, waliovuka mchana wakaitwa weupe, Njeru, na koo zimejitambua kwa makundi hayo kizazi baada ya kizazi. Ni orodha ya abiria iliyohifadhiwa kwa vinywa. Nani alipita na nani, na wakati gani: hayo ndiyo maswali ambayo wahudumu wa afya wa kaunti waliyauliza kwa simu mwaka wa 2020 walipokuwa wakiwatafuta waliokaa karibu na mgonjwa, wakakuta kwamba watu wa mijini hawakumbuki waliketi na nani kwenye gari jana yake.

Yaliyobaki kimya katika simulizi hilo, kama yalivyo kimya katika madaftari mengi ya safari, ni habari za watu waliokuwa ng'ambo, walioona kundi la wageni likitokea majini. Daftari la nahodha huandikwa upepo, mawimbi, mahali chombo kilipo, maili zilizokatwa na hitilafu za vifaa. Wakati wa janga lingepaswa kuandikwa pia, kwa kila mahali chombo kilipotia nanga, ni nani alikaribiwa, kwa muda gani, ndani au nje, na namba ya simu ya mtu mmoja anayejulikana na kijiji, awe mzee wa mtaa, imamu au muuza duka. Maana mashua huondoka, na ugonjwa huonekana siku ya tano. Chanjo, zilizoanza kufika Kenya mwezi wa Machi 2021, zilipunguza vifo zaidi ya zilivyozuia kuambukizana, na wa mwisho kuzipata walikuwa ndio hao wa mbali. Kwa hiyo abiria mmoja akianza kuumwa kichwa na kupoteza ladha ya chakula chombo kikiwa tayari kimefika bandari nyingine, simu ya kwanza iende kwa tabibu, na ya pili irudi kule kilikotoka: kuwa nyinyi mliotupokea Jumanne, mmoja wetu ameugua, mwangalieni bibi aliyetuuzia ndizi, asiende msibani wala harusini kwa majuma mawili, na gharama ya kukaa kwake ndani hii hapa tunaituma. Simu hiyo ni ngumu kupiga kwa sababu ina aibu ndani yake, na wengi hawakuipiga. Yule bibi, kama hakuambiwa, aliendelea kupanga ndizi zake kila asubuhi na kuwakaribisha waliofuata.